Je, vitu vyote huanguka sawa? Nyota zaijaribu kanuni ya Einstein

UKISIMAMA juu ya ghorofa ukaachia jiwe na embe kwa wakati mmoja, na upepo usipoingilia kati, vyote viwili vitafika chini pamoja. Jambo hilo, ambalo hata mtoto wa shule anaweza kulijaribu, ndilo msingi wa nadharia inayoeleza mwendo wa sayari, mashimo meusi na kupanuka kwa ulimwengu mzima. Ikithibitika siku moja kwamba si kweli, hata kwa tofauti ndogo isiyoonekana kwa macho, vitabu vya fizikia vitalazimika kuandikwa upya.

Ndiyo maana wanasayansi hawajachoka kulijaribu jambo hilo kwa zaidi ya miaka 300. Wamelijaribu kwa bembea, kwa mizani na kwa satelaiti. Hata hivyo, sehemu moja ya swali haiwezi kujibiwa katika maabara yoyote hapa duniani. Jibu lake limelazimika kutafutwa angani, kwa kupima mwendo wa Mwezi, nuru ya nyota na mapigo ya redio ya nyota zilizokufa.

Kanuni yenyewe ni ipi?

Mtu anayesukuma mkokoteni uliojaa mifuko ya saruji hukutana na mambo mawili tofauti. Kwanza, mkokoteni unakuwa mgumu kuanza kwenda, hata kama barabara ni tambarare. Huo ni ukaidi wa kitu dhidi ya kusukumwa. Pili, mkokoteni huo unaelemea chini, kwa sababu dunia inauvuta. Huo ni uzito unaotokana na nguvu ya mvutano. Kwa kufikiri tu, hakuna sababu ya lazima inayofanya mambo hayo mawili yalingane. Lakini kila yanapopimwa, yanalingana: kitu kinachovutwa mara mbili zaidi hukaidi mara mbili zaidi, na matokeo yake ni kwamba vitu vyote huanguka kwa kasi ile ile.

Galileo Galilei wa Italia alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1638, akipinga mafundisho ya kale ya Aristotle kwamba kitu kizito huanguka haraka zaidi. Isaac Newton wa Uingereza alilipima kwa makini zaidi. Katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1687 alieleza jinsi alivyotengeneza bembea mbili zinazofanana, akalinganisha mwendo wa dhahabu, fedha, risasi, kioo, mchanga, chumvi, mti, maji na ngano. Hakuona tofauti yoyote kufikia sehemu moja katika elfu moja. Newton huyo huyo ndiye aliyeanza kulipeleka swali angani, pale alipoutumia mwendo wa miezi ya sayari ya Mshtarii kuonyesha kwamba sayari hiyo na miezi yake huvutwa na Jua kwa kiwango kimoja.

Miaka 200 baadaye, Loránd Eötvös wa Hungaria alitumia mizani inayoning'inia kwa uzi mwembamba, na mwaka 1889 akatangaza kwamba tofauti, kama ipo, ni ndogo kuliko sehemu moja katika milioni 20. Mwaka 2016 Ufaransa ilirusha satelaiti iitwayo MICROSCOPE, iliyobeba vipande vya titani na platini na kuvilinganisha vikiwa katika hali ya kuanguka daima kuizunguka dunia. Matokeo ya mwisho, yaliyotolewa mwaka 2022, hayakuonyesha tofauti hata kwa kiwango cha sehemu chache katika trilioni elfu moja.

Albert Einstein ndiye aliyeona uzito wa jambo hili kuliko wote waliomtangulia. Mwaka 1907, akiwa mtumishi wa ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi, aliwaza kwamba mtu anayeanguka kutoka juu ya paa hahisi uzito wake mwenyewe. Kutokana na wazo hilo alijenga kanuni ya ulinganifu: kuanguka katika mvutano ni sawa na kuelea mahali pasipo na mvutano wowote. Mwezi Novemba mwaka 1915 aliikamilisha nadharia ya uhusianifu, inayosema kwamba mvutano si kamba inayovuta vitu, bali ni mpindo wa anga na wakati unaosababishwa na vitu vyenyewe. Kwa kuwa vyote hupita katika mpindo ule ule, vyote huanguka sawa.

Kivuli kilichopita Afrika

Nadharia hiyo ilikuwa na ushahidi mmoja tangu siku ya kwanza. Mwaka 1859 Mfaransa Urbain Le Verrier alikuwa amegundua kwamba njia ya sayari ya Utaridi inajizungusha haraka kidogo kuliko sheria za Newton zinavyoruhusu, yaani inakwenda mbele kidogo kupita hesabu. Ziada hiyo ni sekunde 43 za pembe kwa kila miaka 100, yaani kiasi kidogo mno, kwani digrii moja ina sekunde 3,600. Wengine walidhani kuna sayari nyingine iliyojificha karibu na Jua. Hesabu za Einstein zilitoa sekunde 43 bila kuongeza sayari yoyote.

Lakini ushahidi uliomfanya ajulikane ulimwenguni ulipatikana Afrika na Amerika ya Kusini. Iwapo vyote huanguka, nuru nayo lazima ipinde inapopita karibu na Jua. Hesabu za kale za Newton zilitoa mpindo wa sekunde 0.87 za pembe. Nadharia mpya ilitoa mara mbili ya hapo, yaani sekunde 1.75. Nyota zilizo karibu na Jua huonekana tu wakati Jua linapopatwa kabisa, hivyo tarehe 29 Mei 1919 makundi mawili ya Waingereza yalijiweka katika njia ya kivuli cha Mwezi: moja Sobral, nchini Brazil, na jingine katika kisiwa cha Príncipe, karibu na pwani ya magharibi ya Afrika, likiongozwa na Arthur Eddington.

Asubuhi ya siku hiyo mvua kubwa ilinyesha Príncipe, na mawingu yakaziba anga karibu muda wote wa tukio. Picha chache tu ndizo zilizofaa. Hata hivyo, zilitoa mpindo wa sekunde 1.61, na picha bora za Sobral zikatoa sekunde 1.98. Matokeo yalitangazwa London tarehe 6 Novemba 1919, na jina la Einstein likaenea duniani kote. Wasomaji wa kwetu huenda hawajui kwamba kivuli hicho hicho kilivuka Kongo na kuja kuishia Afrika Mashariki jua likikaribia kutua, baada ya kupita katika ardhi ambayo leo ni Tanzania na Msumbiji.

Vipimo vya leo vimepita mbali vile vya mwaka 1919. Mwezi Juni mwaka 2002, chombo cha Cassini, kikiwa safarini kwenda sayari ya Zohali, kilitumiana mawimbi ya redio na dunia huku mawimbi hayo yakipita karibu na Jua. Ucheleweshaji wake ulilingana na nadharia kwa usahihi wa sehemu zipatazo 23 katika milioni moja.

Swali ambalo maabara haiwezi kulijibu

Mpaka hapa msomaji anaweza kuuliza: kama dhahabu na ngano huanguka sawa, na hata nuru hupinda kama ilivyotabiriwa, kuna nini tena cha kupima?

Jibu linatoka katika fundisho jingine la Einstein, kwamba nishati nayo ina uzito. Kila kitu kilichoshikamana kwa mvutano wake chenyewe kina nishati ya mvutano ndani yake. Kwa jiwe au kipande cha platini, nishati hiyo ni ndogo kiasi kwamba hakuna chombo kinachoweza kuigundua. Kwa dunia nzima, inafikia kama sehemu moja katika bilioni mbili ya uzito wote. Sasa, je, nishati ya mvutano nayo huanguka kama vitu vingine? Kwa maneno mengine, je, mvutano unauvuta mvutano?

Nadharia ya Einstein inajibu ndiyo, bila kigugumizi. Karibu nadharia zote zinazoshindana nayo zinajibu hapana: kitu chenye mvutano mkubwa ndani yake kitaanguka tofauti kidogo na kile chenye mvutano mdogo. Hapo ndipo penye njia panda. Wataalamu huiita sehemu hii kanuni kali ya ulinganifu, na ili kuipima zinahitajika mizigo yenye ukubwa wa sayari na nyota.

Mwezi na vioo vyake

Mwaka 1968 Mmarekani Kenneth Nordtvedt alionyesha njia. Dunia na Mwezi huanguka pamoja kuelekea Jua huku vikizungukana. Nishati ya mvutano ya dunia, kwa uwiano wa uzito, ni mara 25 hivi ya ile ya Mwezi. Kama nishati hiyo haianguki kabisa, njia ya Mwezi ingesogea kwa kufuata upande wa Jua kwa kiasi cha mita 13. Mita 13 katika umbali wa kilometa 385,000 ni kitu kidogo, lakini kinapimika.

Bahati ilikuwa upande wake. Mwezi Julai mwaka uliofuata, wanaanga wa Apollo 11 waliacha juu ya Mwezi paneli ya vioo vidogo vinavyorudisha nuru kule ilikotoka. Apollo 14 na 15 ziliongeza nyingine mwaka 1971, na magari mawili ya Kisovieti, Lunokhod 1 na 2, yalibeba vioo vya Ufaransa. Tangu wakati huo vituo vya darubini vimekuwa vikipiga miali ya leza kwenda Mwezini na kupima muda inaochukua kurudi, ambao ni kama sekunde mbili na nusu. Nuru inayorejea ni hafifu mno, lakini tangu mwaka 2006 kituo cha Apache Point, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, kimeweza kupima umbali huo kwa usahihi wa milimita.

Mita 13 hazikuonekana. Dunia na Mwezi huanguka kuelekea Jua sawasawa, kwa usahihi wa takriban sehemu moja katika trilioni kumi. Palibaki shaka moja ya haki. Dunia ina kiini kikubwa cha chuma ilhali Mwezi ni mwamba zaidi, na huenda tofauti ya vitu hivyo ilikuwa ikifuta tofauti ya mvutano. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, waliiondoa shaka hiyo kwa kulinganisha katika maabara vipande vilivyotengenezwa kwa mchanganyiko unaofanana na wa dunia na wa Mwezi.

Nyota tatu zilizofungamana

Hata hivyo, dunia ni mzigo mwepesi kwa swali hili. Mzigo mzito ni nyota ya nutroni, yaani kiini kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka. Nyota hiyo ina uzito kupita Jua letu, lakini upana wake ni kama kilometa 20 hadi 25 tu, kiasi cha kuenea ndani ya jiji moja. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake inatokana na nishati ya mvutano. Baadhi ya nyota hizo huzunguka kwa kasi na kutoa mapigo ya redio yenye mpangilio kama wa saa. Huitwa pulsa, na ya kwanza iligunduliwa mwaka 1967 na Jocelyn Bell, akiwa mwanafunzi wa utafiti Cambridge, Uingereza.

Mwezi Januari mwaka 2014 ilitangazwa kugunduliwa kwa mfumo ambao wanafizikia walikuwa wakiuota. Umbali wake ni kama miaka ya nuru 4,200, na jina lake la orodha ni PSR J0337+1715. Katikati yake kuna pulsa inayojizungusha mara 366 kwa kila sekunde, ikifuatana na nyota kibete nyeupe, wakizungukana kwa siku 1.6. Kwa mbali kuna kibete nyeupe cha pili, kinachozungukana na jozi hiyo kwa siku 327.

Msomaji ataona kwamba huu ni mfano wa dunia, Mwezi na Jua uliokuzwa. Pulsa, yenye mvutano mkubwa mno ndani yake, na kibete cha ndani, chenye mvutano mdogo, vyote viwili vinaanguka kuelekea kibete cha nje. Kama kanuni kali si ya kweli, viwili hivyo vingeanguka kwa kasi tofauti, njia ya pulsa ingeharibika umbo, na mapigo yake yangefika duniani mapema au kwa kuchelewa.

Kundi la watafiti lililoongozwa na Anne Archibald liliyafuatilia mapigo hayo kwa miaka sita kwa kutumia darubini za redio za Green Bank nchini Marekani, Arecibo kisiwani Puerto Rico na Westerbork nchini Uholanzi. Waliweza kuhesabu kila mzunguko wa pulsa bila kupoteza hata mmoja. Mwezi Julai mwaka 2018 walitangaza kwamba tofauti ya kuanguka, kama ipo, haizidi sehemu 2.6 katika milioni moja. Mwaka 2020 kundi jingine, likitumia darubini ya Nançay nchini Ufaransa, lilifikia jibu hilo hilo kwa usahihi mkubwa zaidi kidogo. Nadharia kadhaa mbadala zilibanwa zikabaki na nafasi finyu sana.

Mawimbi, nuru na mashimo meusi

Anga imetoa mashahidi wengine pia. Mwaka 1974 Russell Hulse na Joseph Taylor waligundua, huko Arecibo, pulsa inayozungukana na nyota nyingine ya nutroni kwa muda wa saa 7.75. Miaka ilivyopita, muda huo ulionekana kupungua kwa kiasi ambacho Einstein angetabiri iwapo jozi hiyo inapoteza nishati kwa mawimbi ya mvutano. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Jozi nyingine, ambayo nyota zake zote mbili zilionekana kuwa pulsa, iligunduliwa kwa darubini ya Parkes nchini Australia mwaka 2003. Baada ya vipimo vya miaka 16, mwaka 2021 wataalamu walieleza kwamba nadharia imelingana nayo kwa zaidi ya asilimia 99.9.

Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya LIGO na Virgo ilinasa mawimbi ya mvutano kutoka kwa nyota mbili za nutroni zilizogongana, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 130. Sekunde 1.7 baadaye miali ya gama ya tukio hilo ikafika. Safari ya miaka milioni 130, na tofauti ya sekunde zisizofika mbili! Mvutano na nuru, basi, husafiri kwa mwendo mmoja, na kwa siku moja nadharia nyingi zilizosema vinginevyo zilifutwa.

Mwezi Mei mwaka 2018, nyota iitwayo S2 ilipita karibu na shimo jeusi lililo katikati ya kundi letu la nyota, lenye uzito wa kama majua milioni nne. Darubini za Ulaya zilizoko Chile zilionyesha nuru yake ikichoshwa na mvutano kama ilivyotarajiwa. Utafiti wa mashimo meusi una kumbukumbu yake pwani ya Kenya pia. Satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya miali ya eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, na kwa sababu hiyo ikapewa jina la Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi.

Kwa nini wasiridhike?

Yapo mambo mawili yanayowanyima usingizi wataalamu. La kwanza ni kwamba nyota zilizo pembezoni mwa makundi yake huzunguka kwa kasi kuliko vitu vinavyoonekana vinavyoweza kuzishikilia. Wengi wanasema ipo maada ya giza isiyoonekana. Wachache, wakimfuata Mordehai Milgrom aliyetoa hoja yake mwaka 1983, wanasema sheria ya mvutano yenyewe hubadilika pale unapokuwa hafifu sana. La pili ni ugunduzi wa mwaka 1998 kwamba ulimwengu unapanuka kwa kasi inayoongezeka. Aidha, nadharia ya Einstein haijapatanishwa na fizikia ya chembe ndogo, na majaribio mengi ya kuzipatanisha yanatabiri kwamba kanuni ya ulinganifu itavunjika mahali fulani.

Kwa hiyo kila kipimo kinachotoa jibu la "hakuna tofauti" si kazi bure. Kinafunga mlango mmoja, na kuwaonyesha watafiti mahali pasipostahili kutafutwa tena.

Wala jambo hili haliko mbali na maisha ya mjini. Dereva wa teksi anayefuata ramani katika simu yake hutegemea saa za satelaiti zilizoko juu kilometa zipatazo 20,200. Kwa sababu ya mwendo wake na mvutano hafifu wa huko juu, saa hizo hutangulia za duniani kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Bila kusahihishwa kwa hesabu za Einstein, kosa la mahali lingeongezeka kwa zaidi ya kilometa 10 kwa siku.

Darubini ya Arecibo ilianguka mwezi Desemba mwaka 2020, lakini kazi inaendelea, na sehemu yake kubwa iko Afrika. Darubini ya MeerKAT yenye masahani 64, iliyozinduliwa mwaka 2018 katika nyika ya Karoo nchini Afrika Kusini, tayari inapima pulsa pacha zilizogunduliwa Parkes, na mahali hapo hapo panajengwa darubini kubwa zaidi ya SKA. Wanachokitafuta sasa ni pulsa inayozunguka shimo jeusi. Ikipatikana, nadharia itajaribiwa kwa mzigo mzito kuliko wote uliopo, na swali litakuwa lile lile la jiwe na embe.